Mama Vumbi na Kitabu Kisicho na Neno

Sehemu ya Kumi na Moja

Najua mmeninunia. Wiki nzima mmebaki na roho juu, na bibi mmoja kafika mpaka ofisini kwetu kumwuliza mhariri kama mimi ni mzima. Ni mzima, bibi. Tuendelee.

Tulimwacha Mama Vumbi mbele ya Tume ya Ushindani wa Biashara, kitabu mkononi, na wakili wa Kabati akimwamuru akifungue mbele ya watu.

"Fungua, mama," wakili akarudia. "Ukurasa wowote upendao."

Mama Vumbi akafungua. Mweupe. Akageuza ukurasa, mweupe. Akageuza mwingine na mwingine mpaka akafika mwisho. Kurasa mia mbili na kumi na sita, na hakuna hata nukta.

Ukumbi ukaangua kicheko. Karani wa tume alicheka mpaka kalamu ikamdondoka, akalazimika kuinama chini ya meza kuitafuta.

Kwa msomaji aliyedandia safari leo, nampa habari kwa mkupuo mmoja, wazoefu mnivumilie. Mama Vumbi ni muuza vitabu. Jina hilo wamempa wateja kwa ajili ya rafu zake, na yeye hajapata kulikana, maana vumbi lenyewe lipo. Duka amelirithi kwa marehemu mama yake. Kabati ni lile duka la mtandaoni linalouza karibu vitabu vyote unavyovijua, na wauza vitabu wameliita hivyo kwa sababu kila kitu kinaingia humo na funguo anazo mtu mmoja. Kabati limewaambia wachapishaji: mkiwauzia wadogo kwa bei mnayotuuzia sisi, vitabu vyenu havitaonekana kwetu. Wachapishaji wakaufyata. Wawili wamekwisha kumwandikia Mama Vumbi kwamba mwezi ujao asitarajie mzigo.

Tume inaamua jambo moja tu. Ama Kabati lichunguzwe na kuwekewa masharti, ama liachwe lifanye litakavyo. Likiachwa, duka la Mama Vumbi linafungwa mwisho wa mwezi. Ni hayo tu, hamna haja ya kurudi nyuma kusoma sehemu kumi.

Wakili alikuwa amekichungulia kile kitabu wakati wa chai, kilipokuwa kwenye meza ya vielelezo, na tangu hapo alikuwa akitembea kama mtu aliyeokota almasi. Sasa akaigeukia tume. Akasema mama huyu anayelia kwamba mteja wake anaua biashara, yeye mwenyewe amewatangazia wananchi bunda la karatasi nyeupe lenye jina *Sungura Darini: Mwongozo Kamili wa Ufugaji*. Akaomba ushahidi wake wote utupwe, na leseni yake itazamwe upya.

Mwenyekiti wa tume, mwanamama ambaye miwani yake huishi kwenye paji la uso na kushuka puani kwa mambo mazito tu, akaishusha.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli, mheshimiwa," Mama Vumbi akajibu. "Kitabu hiki hakijawahi kuandikwa."

Hata wakili alishtuka, maana alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukanusha.

Basi Mama Vumbi akaeleza, na aibu ikimtoa jasho. Mdogo wake wa tumbo moja ni fundi wa kushona vitabu, watu wanamwita Sindano, na karakana yake iko mlango wa tatu kutoka dukani. Kabla kitabu hakijachapwa, fundi hushona kwanza kitabu kitupu cha unene uleule, apate kipimo cha mgongo na jalada. Kwao wanakiita bubu. Miaka minne iliyopita alikuja bwana mmoja mwenye sungura na jina zuri la kitabu, akapimiwa bubu wake, akapigiwa na jina kwenye mgongo kwa wino wa dhahabu, akaahidi kuleta maandishi wiki inayofuata. Hajaonekana tena. Pengine sungura waliyala.

Bubu akabaki, na kwa njia anazozijua mwenyewe akahamia kwenye rafu za dukani.

"Sasa ulikitangazaje bila kukifungua?" mwenyekiti akauliza.

Hapo ndipo penyewe. Katika duka lile kuna amri moja aliyoiacha mama yao, nayo inafuatwa kuliko sheria za serikali. Kitabu cha kuuza hakifunguliwi. Ukikifungua umekivunja mgongo, na mteja analipia kitabu kipya, halipii kitabu ambacho muuzaji amekwisha kustarehe nacho. Kwa hiyo siku Mama Vumbi alipokubali yaishe na kuorodhesha vitabu vyake kwenye tovuti ya Kabati, maana siku hizi usipokuwa humo ni kama hujazaliwa, alipita rafu kwa rafu akisoma migongo na kuandika. Sungura naye akaandikwa.

Wiki haikuisha, akapatikana mnunuzi. Mama Vumbi akamfungua bubu kwa mara ya kwanza ili amfute vumbi, akakuta weupe mtupu. Akamrudishia mtu hela zake na barua ya kuomba radhi.

"Kosa langu nimelikiri," akasema. "Sasa naomba mwenzangu naye alikiri la kwake."

Akatoa karatasi mkobani, akaikunjua, akamkabidhi karani. Ilikuwa picha ya ukurasa wa Kabati, siku tisa baada ya yeye kumtangaza sungura wake. *Sungura Darini* ileile, lakini sasa inauzwa na Kabati lenyewe kutoka stoo yake, kwa bei ya chini, na imewekwa juu kabisa. Ya Mama Vumbi imesukumwa chini mpaka ukurasa wa nne, wanakofika waliopotea njia. Pembeni pameandikwa: Nakala arobaini zimebaki. Na nyota nne na nusu za wasomaji walioridhika.

"Mimi nilikuwa na bubu mmoja, mheshimiwa. Wenzangu wana arobaini. Wamewatoa wapi?"

Kicheko kikarudi, ila safari hii kilihamia upande wa pili wa ukumbi. Kule nyuma walikaa wauza vitabu wengine kumi na saba, waliofunga milango yao asubuhi ile waje kusikiliza, na mmoja alicheka mpaka akapigwa mgongoni na jirani yake.

Wakili akalegeza tai. Lakini wakili ni wakili, hata akizama atakuambia anaogelea. Akasema hiyo ni kazi ya mashine, hakuna mtu aliyeigusa. Mashine ya Kabati huona kinachonunuliwa kwa wauzaji wadogo, ikaenda kukitafuta kwa bei nafuu na kumwekea mteja mahali atakapokiona.

"Kwa hiyo mashine yenu inachungulia mizani ya wadogo, halafu inawaruka na kukaa mbele yao," mwenyekiti akasema.

"Inamhudumia mteja, mheshimiwa. Na mimi nauliza tangu juzi, mteja ameumia wapi? Amepata kwa bei ya chini."

"Amepata nini kwa bei ya chini?"

Badala ya kujibu, wakili akaomba aite shahidi wake wa mwisho, na shahidi alipotoka mstari wa tatu na kuja mbele, Mama Vumbi alimtambua kwa mwendo.

Alikuwa wifi yake. Mke wa Sindano.

Msimhukumu haraka. Wifi huyu ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo mbali, mwendo wa kutwa nzima, nyumbani anarudi likizo kwa likizo. Na hakumzunguka mtu. Jumapili alikuwa amemwambia Mama Vumbi mbele ya mume wake: wifi, wameniita, nami nitakwenda kusema ukweli wangu, ukitaka kununa anza leo ili umalize mapema. Mama Vumbi alidhani ni utani wa mawifi. Kumbe mwenzake hakuwa anatania.

Akaapa, akasema. Darasani kwake wako watoto themanini na walikuwa na vitabu kumi na moja vya kusomea. Kabati lilimletea vingine thelathini kwa siku nne, mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu. Kabla ya hapo alikuwa akimwagizia wifi yake mwenyewe.

"Na vilikuwa vinafika lini?" wakili akauliza, uso umekunjuka.

"Muhula unaofuata. Pamoja na barua ya kunikaripia kwamba watoto wangu wanararua."

Watu wakacheka, na Mama Vumbi akainamisha kichwa. Barua ile aliikumbuka. Ilikuwa na kurasa tatu. Moyoni alijisema kwa jina lake kamili, jambo analolifanya mara chache sana.

Wakili alikuwa ameshaanza kukaa, ameridhika, mwenyekiti alipouliza kwa upole kama mwalimu huwa ananunua na atlasi. Huwa ananunua. Bei yake ya mwaka juzi? Akaitaja. Na ya mwaka huu? Wifi akasita.

"Imepanda mara mbili, mheshimiwa."

"Kule mliko hakuna duka lingine la kuulizia?"

"Lilikuwepo. Lilifungwa mwaka jana." Wifi akamtazama wakili, kisha akamtazama Mama Vumbi, na wote watatu wakaona mwaka wa atlasi na mwaka wa duka vinashikana mikono. "Duka lenyewe lilikuwa baya," akaongeza, kwa kuwa ni mtu wa haki. "Halikuwa na kitabu nilichokitaka hata siku moja. Lakini lilipokuwepo, bei haikupanda."

Mwenyekiti akamwuliza basi yeye anataka nini.

"Sitaki Kabati lifungwe, watoto wangu watarudi kwenye vitabu kumi na moja. Nataka tu lisibaki peke yake. Hata wifi yangu akiwa peke yake atatutesa, mimi namjua."

Alipopita kurudi kwenye kiti chake, Mama Vumbi akamnong'oneza kwamba wataonana nyumbani. Wifi akamwambia aje na vitabu vya muhula. Ndio mawifi hao.

Ilionekana mambo yamekwisha. Wajumbe wa tume walikuwa wanatikisiana vichwa, wakili wa Kabati alikuwa anazungumza na simu yake kwa vidole, haraka haraka. Halafu akasimama. Uso ulikuwa umerudi kama ulivyokuwa asubuhi.

"Mheshimiwa, mama huyu ameapa kwamba kitabu hiki hakijawahi kuandikwa. Mimi nasema kipo. Nakala arobaini ziko stoo, zimekaa miaka miwili, na kesho saa tatu asubuhi nitaleta moja hapa."

Mwenyekiti akampandisha na kumshusha kwa macho. Kisha akasema vizuri, na aelewe kila mtu. Kitabu kisipoletwa, tume itaanza uchunguzi wa Kabati kesho hiyohiyo. Kikiletwa, Mama Vumbi atakuwa ameapa uongo, na kesi yake na ya wenzake kumi na saba itaishia hapo.

Mama Vumbi alitoka akicheka. Ataleta nini huyu? Mtu haleti kitu ambacho hakipo.

Jua lilikuwa bado kali alipopitia karakana kwa Sindano amsimulie. Kwa kawaida mdogo wake huyo husimuliwa kidogo yeye akamalizia, na sungura wa leo walistahili utani wa mwezi mzima. Lakini alimkuta ameinama juu ya meza, uzi mdomoni, na hakuinua kichwa. Kando yake palikuwa na boksi la Kabati. Mama Vumbi akauliza ni nini. Daftari za ofisi fulani, Sindano akasema. Wanazitaka asubuhi.

"Na wewe unafanya kazi za Kabati siku hizi?"

"Kazi ni kazi, dada. Nenda kapumzike."

Hakumtania. Hakuuliza hata mkewe alisema nini ukumbini. Mama Vumbi akasimama kidogo akitazama kile kikapu cha karatasi chakavu chini ya meza, kilichokuwa cha mama yao, aliyemfundisha Sindano kushona. Mama yule hakutupa karatasi. Mgongo wa kitabu unahitaji kubandikwa kipande cha karatasi kwa ndani ili ushike, na yeye alibandika chochote kilichokuwa karibu, risiti, kalenda, barua. Leo hii kitabu chake kikipasuka unaweza kukuta humo barua ya baba ya uchumba. Watoto wake wawili wakajifunzia hapo kuandikiana siri. Mmoja akificha ujumbe mgongoni mwa kitabu, alimwashiria mwenzake kwa kupitisha kidole kisogoni, kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ukosi, na mama haoni.

Akamwambia Sindano ale kabla hajalala. Akaenda zake.

Saa tatu kamili kesho yake, wakili aliingia na boksi lililofungwa utepe. Utepe, wasomaji, kama vile tume inaolewa. Akaukata, akatoa kitabu, akakiweka mbele ya mwenyekiti.

Jalada lilelile la kijani. Jina lilelile la dhahabu. Mwenyekiti akakifungua, na safari hii hakikuwa cheupe. Kilikuwa na maneno kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mama Vumbi akashika ukingo wa meza. Kule nyuma wenzake kumi na saba wakanyoosha shingo.

"Sura ya kwanza," mwenyekiti akasoma. "'Sungura ni mnyama mwenye masikio mawili.'" Akafunua. "Sura ya pili. 'Masikio ya sungura ni mawili, moja likiwa la kulia.'" Akaruka kurasa kadhaa, miwani ikizidi kushuka. "Sura ya tano. 'Baada ya sungura kutaga, mayai yahifadhiwe darini.'"

Hakuna aliyecheka, maana ubaya wa kitabu si hoja. Vitabu vibaya vipo vingi na vinauzwa. Kitabu kilikuwepo, na hiyo ndiyo hoja. Wakili akasema, kwa sauti ya mtu anayesamehe, kwamba hii ni chapa ya miaka miwili iliyopita, na shahidi sasa anaweza kukishika akajiridhisha.

Mama Vumbi akakishika. Kwa mazoea tu, bila hata kuwaza, akakipeleka puani, kama anavyofanya kwa kila kitabu tangu alipokuwa msichana.

Akakinusa mara ya pili. Kisha akabonyeza dole gumba kwenye ukingo wa ndani wa jalada, na dole likanata.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "hebu weka kidole chako hapa."

Mwenyekiti akaweka kidole. Alipojaribu kukitoa, kitabu kikamfuata. Akakitikisa, kikazidi kumng'ang'ania. Mjumbe wa kulia akavuta upande wake, karani akavuta upande mwingine, na kidole kikatoka kikiwa na kipande cha karatasi ya kijani.

"Gundi ya kitabu inakauka kwa siku moja, ikizidi mbili," Mama Vumbi akasema, na sauti ilikuwa imemrudia. "Hiki kimekaa stoo miaka miwili kikisubiri nini?"

Ukumbi ukalipuka. Wauza vitabu kumi na saba wakasimama wote, na yule aliyepigwa mgongo jana akapigwa tena. Wakili akaanza kusema habari za unyevunyevu wa stoo, hakuna aliyemsikia. Mama Vumbi alifurahi, alifurahi mno, akafunua kitabu katikati awaonyeshe na karatasi ilivyo mpya.

Ndipo alipouona uzi.

Katikati ya kila fungu la kurasa, uzi wa kushonea hufungwa fundo. Mafundi wote hulizungusha kulia. Hili lilizunguka kushoto, na mkia wake ulikuwa umefichwa chini kwa chini, safi, kama ambavyo mama yao alijaribu kumwachisha mtoto mmoja anayetumia mkono wa kushoto akashindwa. Duniani anamjua mtu mmoja tu anayefunga vile.

Furaha yote ikamwishia palepale. Akakumbuka boksi la Kabati kule karakanani, na kichwa ambacho hakikuinuka.

Mwenyekiti alikuwa anafuta kidole kwa leso, na karatasi haitoki. "Mama, wewe umekulia kwenye kazi hii. Unaitambua kazi ya mikono hii? Ni nani aliyekishona kitabu hiki jana? Kumbuka uko chini ya kiapo."

Mama Vumbi akageuka. Mstari wa tatu, kando ya mkewe, Sindano alikuwa anamtazama moja kwa moja. Hakuwa ameoga wala kulala, ilionekana. Akainua mkono wake wa kushoto, akapitisha kidole kisogoni, kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ukosi wa shati.

Miaka arobaini hajafanya hivyo.

"Mheshimiwa," Mama Vumbi akasema, "kabla sijajibu, naomba wembe."

Wakili aliruka kitini. Akapinga kielelezo kuharibiwa, akataja vifungu vitatu vya sheria kwa pumzi moja. Mwenyekiti akamwonyesha kidole chake chenye karatasi ya kijani na kumwambia akae. Karani, ambaye huchonga penseli kwa wembe, akautoa mfukoni.

Mama Vumbi akapasua mgongo kutoka juu mpaka chini. Miaka yote hii hajapata kukitendea kitabu hivyo, na nafsi ilimsuta hata kama kilikuwa kitabu cha sungura wa mayai. Ndani, ikiwa imebandikwa pembe moja tu ili itoke vizuri, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Msisahau tabia ya Kabati. Hawatumi kitu bila karatasi ya oda. Ukinunua penseli utaletewa karatasi ya kusema hii ni penseli. Mashine inaandika kila inachoambiwa na haijui siri ni kitu gani.

"Soma kwa sauti, mama," mwenyekiti akasema. "Neno kwa neno."

Akasoma. "'Oda ya haraka. Fundi ashone nakala moja ya *Sungura Darini*, kurasa zilizoandikwa na mashine zimo ndani ya boksi, jalada la kijani, kwa mfano wa kielelezo kilichopo mbele ya tume. Iwe tayari kabla ya saa mbili asubuhi.'" Chini yake tarehe ya jana, muhuri wa Kabati, na jina la ofisi ya wakili.

Sitajaribu kuwaeleza kelele zilizofuata. Mwenyekiti aligonga meza mpaka miwani ikaanguka. Wifi alikuwa amesimama anapiga makofi, hajui lolote, anamfurahia wifi yake. Wakili alishika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Vumbi peke yake hakupiga kelele, kwa sababu karatasi ilikuwa na mstari wa pili. Aliusoma kwa macho.

*Maelezo maalumu: fundi anajua matumizi ya kitabu hiki na amekubali. Malipo yake: duka la dada yake liendelee kuletewa vitabu na wachapishaji wote kwa bei ya zamani, maisha yake yote. Duka hilo pekee.*

Akaurudia. Macho yakamjaa machozi na hakuyaficha. Mdogo wake alikuwa amejiuza kwa ajili ya rafu zake za vumbi. Halafu akabadili nia, akaichukua karatasi ya makubaliano yenyewe, akaificha ndani ya mgongo na kumwekea dada yake mikononi. Na Sindano ana mkasi. Angeweza kuukata mstari huu wa pili ukapotea, ukabaki wa kwanza unaomtosha dada yake. Hakuukata.

Akiusoma, Sindano atashtakiwa kwa kutengeneza ushahidi wa uongo. Na yeye mwenyewe ataonekana shahidi aliyenunuliwa, mbele ya wenzake kumi na saba ambao hakuna aliyewanunulia bei ya zamani.

Ukumbi ulikuwa umetulia. Mwenyekiti akaokota miwani, akaivaa.

"Karatasi imeishia hapo, mama?"

Mama Vumbi akamtazama mdogo wake. Sindano alikuwa amefumba macho. Kando yake wifi bado anatabasamu.

"Haijaishia, mheshimiwa," akasema. "Ila yaliyobaki ni ya nyumbani kwetu."

Wakili wa Kabati akaondoa mikono kichwani. Yeye alijua vizuri mstari wa pili unasemaje, na taratibu, kwa mara ya kwanza tangu gundi ile inate, akanyoosha tai yake na kusimama.

"Na asome," akasema.